Majumba Mazuri Yasiyofaa Kufia

Sababu iliyonitoa kwetu Msambweni nikazunguke majumba ya matajiri ilikuwa choo. Najua si adabu kuanza masimulizi na choo, lakini ukweli ndio huo, na aliyechukia afunike pua asome.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wakati Wazungu walipokuwa wakiondoka maofisini na watu wetu wakikalia viti vyao hata havijapoa. Mmoja wa waliokalia ni ndugu yangu Bakari. Mimi ndiye mkubwa, yeye ananifuatia. Nimembeba mgongoni, nimempangusa kamasi. Basi siku moja akatujia kutoka Mombasa na gari, na tai shingoni katika jua lile, akasimama mbele ya nyumba ya mama, nyumba ya udongo na makuti iliyoko kando ya barabara, akaitazama kama mtu aliyeona upele usoni pake.

"Nitaivunja," akasema. "Hapa nitasimamisha ghorofa. Kila apitaye kwenda Tanga aulize, ile ya nani?"

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe dada utapata chumba chako, na choo cha ndani. Cha kuvuta mnyororo."

Jamani, mimi tangu kuzaliwa naenda uani na kopo mkono mmoja na fimbo ya nyoka mkono wa pili. Nikamwambia, "Jenga, ndugu yangu. Mungu akupe nguvu."

Mama alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Hakuinua uso. "Mwenye nyumba hajafa," akasema, "na nyinyi mwagawana vyoo."

Wakabishana mpaka alasiri. Bakari akasema nyumba ya makuti ni aibu kwa afisa wa serikali. Mama akasema aibu ni kumtoa mzazi kwake. Mwisho mama ndiye aliyetoa shauri, na shauri lenyewe likaniangukia mimi.

"Mwanasha," akaniambia, "wewe una macho na una mdomo. Nenda kaone majumba ya hao matajiri. Kila nyumba utakayoingia uliza neno moja: mtu akifa humu ataoshewa wapi, na watu watakaa wapi? Ukiipata moja tu yenye jibu, Bakari aige hiyo hiyo, nami nitakunja mkeka wangu nitoke. Usipoipata, asinisumbue tena."

Kwa wasiojua, kwetu maiti huoshwa ndani ya nyumba, juu ya kitanda cha kamba. Chini ya kitanda huchimbwa mfuo, yaani mtaro wa kupokea yale maji, na baada ya kuosha hufukiwa. Ndiyo maana chumba cha mama kina sakafu ya udongo hadi leo. Wanawake hujaa ndani, wanaume hujaa barazani, na jikoni uani hupikwa wali wa matanga. Bakari akacheka. Nyumba zote zile, akasema, itakosaje kupatikana moja? Akatuma habari kwa watu wake wanipokee, akarudi zake kazini. Nami nikaomba Mungu ipatikane, maana mnyororo ule nilikuwa nimekwisha kuuvuta ndotoni.

Asubuhi ya kwanza nilipanda lori la nazi mpaka Diani. Binamu yangu Juma alikuwa mpishi kwa memsahib mmoja wa ufukoni, naye akanipokea kwenye njia ya mchanga.

"Shikamoo dada. Habari za Msambweni?"

"Marahaba. Salama tu. Mbona wanipitisha jikoni? Mlango wa mbele uko wapi?"

"Upande wa bahari," akasema.

Nikashangaa. Mlango wa mbele umeelekea baharini, wapitako pweza. Barabara, iliko njia ya watu, imepewa kisogo. Nikamwuliza Juma, je, wageni wa memsahib huja kwa kuogelea? Akaniambia nyamaza dada, atakusikia.

Lakini nyumba yenyewe ni nzuri, nisiseme uongo. Kuta nyeupe pepepe, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka wajiona meno. Mbwa wawili, kila mmoja na kitanda chake na shuka lake, na Juma ana mkeka stoo. Nilipoinua macho juu, nikaona nini? Makuti! Makuti yale yale yetu, yamefumwa na mikono ya watu wa Ukunda, yamepangwa vizuri mno. Mzungu kavuka bahari zote hizo aje alale chini ya makuti, na Bakari wetu anataka kuyavua apate vigae kama vya kwa Wazungu. Nikacheka peke yangu.

Memsahib akatoka na kofia pana kama ungo. Alikuwa akiuza nyumba aende zake, maana ameambiwa uhuru utamla. "Mimi iko penda watu ya hapa sana, sana," akaniambia. Kisha akageuka akaita, "Boi! Leta chai!" na aliyeitwa ni Juma, mwenye wajukuu. Nikamwuliza Juma amekaa hapo muda gani. Akasema tangu vita vya Wazungu vilipokwisha. Na jina lake je, memsahib analijua? Juma akaangalia birika.

Basi nikanywa chai yao isiyo na sukari, nikakohoa, nikauliza neno la mama. Juma alikataa kunisaidia, akajifanya ana kazi. Nikauliza mwenyewe, polepole, kwa mkono na kwa mdomo: mtu akifa hapa, ataoshewa wapi?

Memsahib akatabasamu, akanipigapiga begani. "Hapana, mama. Hapa hapana kufa. Hapa iko pumzika tu."

Lahaula! Kumbe Izraili naye haendi Diani, amekatazwa mlangoni. Nilipotoka, mbwa wakanisindikiza mpaka barabarani kwa meno nje, na hakuna hata mtu mmoja aliyewaambia basi.

Likoni nilivuka kwa feri, na upande wa pili nikaulizia njia ya Kizingo. Kizingo ndiko walikokaa wakubwa wa Kiingereza, na sasa wamekaa wakubwa wetu. Barabara pana, miti pande zote mbili, na kimya. Hapiti mtoto wala muuza kahawa. Mtu akinitazama alinitazama juu ya ukuta.

Nyumba niliyotumwa ilikuwa ya mkubwa wa kazini kwa Bakari, mtu wa bara. Getini palikuwa na askari mwenye koti zito.

"Wewe mama unataka nani?"

"Hodi," nikasema.

"Hodi ni ya nini? Sema unataka nani."

Nikamwambia kwetu hodi hujibiwa karibu, ndipo mtu huulizwa amtakaye. Akaniangalia kama mwenda wazimu, akanifungia geti, akaenda kuuliza. Nilisimama juani mpaka miguu ikaniwaka, huku ndani ya ukuta huo kuna vivuli vya kutosha harusi.

Mwenye nyumba hakuwapo. Alikuwapo mkewe, Mama Rozi, mwanamke mnene wa uso wa huruma, amevaa viatu virefu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akanishika mkono akanizungusha. Vyumba nilivihesabu nikachoka. Viti vya sebuleni vilikuwa vimefunikwa nailoni, na nilipotaka kukaa akasema, "Ngoja, hiyo ni ya wageni." Nikamwuliza, na mimi ni nani? Akaona haya, akanileta jikoni, tukakaa juu ya vibao, tukanywa uji. Huko jikoni ndiko walikoishi, yeye na watoto na mtumishi. Vyumba vingine walivipangusa vumbi tu, na alasiri waliwasha taa ili majirani wajue wamo.

Kisha akanionyesha choo. Enyi watu, choo! Cheupe kama yai, na mnyororo una kishikio cha mbao. Nikajifungia. Nilipouvuta, maji yakaja kwa kishindo nikadhani tangi la juu limepasuka, nikatoka mbio, buibui nusu mkononi. Mama Rozi alicheka mpaka akavua vile viatu. "Hata mimi siku ya kwanza," akasema. Nikarudi nikauvuta tena, na tena. Moyo wangu ukawa umekwisha kuhamia humo.

Tukapanda ghorofani. Ngazi imejizungusha kama ganda la konokono, na yeye akapanda ubavuubavu. Chini ya ngazi kulikuwa na kabati kubwa limeegeshwa njiani. Nikauliza mbona lipo hapo. "Lilikataa kupita," akasema. "Tulijaribu siku nzima."

Hapo nikaona nafasi yangu. "Mama Rozi, usinichukie, nimetumwa na mzazi. Kabati limekataa kupita. Jeneza je? Mtu akifa huku juu mtamshushaje? Na ataoshewa wapi, na sakafu yote hii ni vigae?"

"Wee!" Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usituletee mkosi hapa! Mtu akizidiwa anapelekwa hospitali."

"Na akifia hospitali, wafiwa watakaa wapi? Juu ya nailoni?"

Nilidhani ataniitia yule askari. Badala yake akakaa kwenye ngazi, pale pale, akasema polepole, "Mama yangu alikufa mwaka jana, kwetu huko bara. Mimi niliambiwa nikiwa hapa. Nililia siku tatu jikoni, na hakuna mtu alikuja. Hapa watu hawajui hata jina langu."

Nikamshika mkono, nikampa pole iliyochelewa mwaka mzima. Aliponisindikiza getini alishika buibui yangu akasema, "Rudi tena, tafadhali. Tangu tuhamie wewe ndiye wa kwanza kusema hodi."

Nilivuka tena Likoni, nikapata lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu kwenda Kinango. Tukapanda milima ya Shimba, tukapita Kwale, tukateremkia kwenye ukavu. Huko Bakari alinituma kwa Mzee Mangale, tajiri wa mifugo, ambaye habari za nyumba yake zilikuwa zimefika mpaka pwani. Njiani, nikipigwa na harufu ya mavi ya ng'ombe, nilikuwa nikijisemea maneno ya kishetani. Nani atajua? Nikimwambia mama kule Kizingo kuna chumba maalumu cha maiti, na mfuo wa saruji, ataondoka kesho. Mama haendi Kizingo. Nami nitavuta mnyororo wangu maisha yangu yote.

Nyumba ya Mzee Mangale ilisimama peke yake kwenye vumbi, ya mawe, na madirisha ya vioo ambamo mbuzi walikuwa wakijitazama. Mzee mwenyewe alikuja kutoka nyuma, kwenye kibanda cha udongo, amefunga shuka, akafurahi sana kuniona.

"Karibu, karibu mwanangu! Umeiona?"

"Nimeiona, mzee. Shikamoo. Mbona umetokea kule?"

"Kule ndiko ninakolala. Hii ni ya wageni wakubwa."

Akaleta funguo, akanifungulia. Ndani kulinuka panya. Ukutani kulikuwa na bomba la maji la kung'aa. Nikalifungua, lisitoke kitu, hata pumzi. Mzee akanieleza kuwa mabomba ameyanunua Mombasa, ghali sana, na serikali imeahidi kwamba maji yenyewe yatafuata. Wajukuu huja kuyafunguafungua kwa mchezo. Chumba cha pili kilikuwa na hodhi la kuogea la Kizungu, refu, lenye miguu ya simba, limejaa mahindi mpaka ukingoni.

"Ghala zuri sana," akasema kwa fahari. "Panya hawezi kupanda, linateleza."

Nilicheka, naye akacheka. Nikauliza neno la mama. Yeye hakukasirika wala hakuogopa. Alikuna kidevu, akafikiri kweli kweli.

"Pa kukaa watu papo, uwanja wote huu ni wangu. Lakini kufia humu ndani?" Akatazama dari. "Hapana. Mizimu ya kwetu haijui mlango wa funguo. Na maji ya kuniosha yatoke wapi? Ya kunywa tu yaja kwa punda kutoka mbali. Mimi nikiugua, nitawaambia wanangu wanirudishe kibandani."

"Sasa uliijenga ya nini, mzee?"

"Kwa sababu Chidzuga wa ng'ambo ya mto alijenga."

Nikalala kwenye ile nyumba ya wageni wakubwa, juu ya godoro lenye karatasi zake bado, na joto la vioo vile liliniamsha kabla ya majogoo. Nilihamia kibandani kwa wake zake, nikalala vizuri.

Kutoka Kinango nilishuka kupitia Kwale, na njiani nikawa nimekwisha kuamua. Nitasema uongo. Nilikuwa nimeupamba vizuri huo uongo, na chumba cha maiti nimekipaka chokaa. Mama ni mzee, nikajiambia, atazoea vigae kama alivyozoea mengine. Lori likaniteremsha Msambweni mchana, nikashika njia ya nyumbani.

Niliona gari la Bakari kwanza. Kisha niliona watu. Baraza imejaa wanaume, njia imejaa wanaume, na kutoka ndani nikasikia wanawake wanalia. Mzigo ulinianguka. Nikapiga kelele, "Mama!"

"Mama yu hai," jirani mmoja akanishika. "Ni Bi Riziki."

Bi Riziki alikuwa jirani yetu, mjane asiye na mtoto, wa nyumba ya chumba kimoja kinachoegemea mnazi. Kwake watu wangekaa wapi? Wamemleta kwa mama, kama walivyoletwa wengine wengi, na hakuna aliyeomba ruhusa wala aliyeulizwa.

Bakari alikuwa amewasili asubuhi ile na fundi wake wa Mombasa bila kungoja ripoti yangu. Walikuwa wamekwisha kupigilia vigingi na kufunga kamba ya kupimia kuizunguka nyumba nzima ndipo msiba ulipoingia. Sasa kamba ile wanawake wameanikia kanga zao. Fundi amepewa kisu, anamenya vitunguu. Na ramani ya ghorofa, karatasi kubwa ya samawati, mtu ameifunika juu ya sinia la mchele kwa sababu ya nzi. Bakari alikuwa amesimama katikati ya yote hayo na tai yake, kila mtu akimpita na kumwambia, "Pole, mwanangu, pisha kidogo."

Vijana wote walikuwa wamekwenda kuchimba kaburi. Mama akatokeza mlangoni, akatazama huku na huku.

"Bakari. Vua viatu."

"Mama?"

"Vua viatu uingie. Mfuo haujachimbwa, na maiti hangoji."

Nikaingia nyuma yao, maana mimi ni miongoni mwa waoshaji. Kitanda cha kamba kilikuwa kimesogezwa, Bi Riziki amefunikwa pembeni. Bakari akapewa jembe. Akauliza achimbe wapi. Mama akamwonyesha kwa kidole cha mguu.

Alichimba mara mbili, tatu, akasimama. "Mbona laini hapa?"

"Ndipo alipooshewa baba yako," mama akasema. "Na bibi yako. Na yule kaka yenu aliyewatangulia, ambaye hamkumwona. Udongo huo haujapata kukauka. Chimba."

Bakari akachimba. Tai ilikuwa ikimzuia, akaitupa nyuma ya bega, na ikarudi tena, mwishowe akaivua akaifunga kiunoni. Alipomaliza alikuwa na udongo mpaka kwenye mikunjo ya shati, na macho mekundu, na mimi nilikuwa nalia kwa sauti bila kujua nalilia nani. Alitoka akaenda kukaa barazani baina ya wavuvi, nao wakasogea kumpa nafasi.

Tulipokwisha kuzika, na wali umekwisha kuliwa, akanifuata uani.

"Dada. Umeyaona majumba yote?"

Uongo wangu ulikuwa mdomoni, umeiva. Nikamtazama mikono.

"Nimeyaona. La Diani, kufa hakuruhusiwi. La Kizingo, kabati haliwezi kupanda, sembuse jeneza kushuka. Na la Kinango, mwenyewe ameliogopa, amelijaza mahindi."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna hata moja, ndugu yangu. Na choo ni kizuri, wallahi, nimekivuta mara tatu. Lakini hakuna."

"Nyumba ya serikali niliyopewa Mombasa," akasema, "ina vigae kila mahali." Kisha akaenda, akaanza kung'oa vigingi vyake kimoja kimoja, akiomba radhi kwa kila mwenye kanga.

Ghorofa aliijenga, msidhani alitubu. Bakari ni Bakari. Lakini aliijenga nyuma, kwenye shamba la mihogo, na wapitao kwenda Tanga hawaioni kwa sababu ya makuti ya mama. Siku za mapumziko, anayetaka kwenda kwa afisa hupita kwanza barazani, hupiga hodi, hujibiwa karibu, na mara nyingi hukaa hapo hapo asifike. Jioni afisa mwenyewe humfuata mgeni wake barazani. Choo cha mnyororo kipo. Ni changu, na ufunguo ninao mimi.

Hilo ndilo nililojifunza katika mzunguko ule: matajiri wote niliowaona walijenga nyumba za kutazamwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba iko siku atabebwa kutoka humo.

Mama Rozi alipokuja kututembelea na mumewe, Bakari aliwazungusha kila mahali. Ngazi imenyooka, pana, na mlango waweza kupitisha watu wanne na mzigo wao. Vigae vinang'aa vyumba vyote isipokuwa kimoja cha chini, karibu na mlango, ambacho sakafu yake ni udongo uliopigwa, mtupu. Yule mkubwa akasimama hapo akacheka, akamgusa Bakari begani.

"Vipi bwana, vigae vilikwisha?"

"Havikukwisha," Bakari akasema. "Hicho ni changu."